Siku tano kwenye njia ya Boone, toka Sycamore Shoals mpaka Boonesborough

Naishi Lexington, Kentucky, huu mwaka wa tisa, kazi yangu ni kupakua mizigo ghalani usiku. Kila nikishuka Richmond kusalimia jamaa napita kibao cha kahawia kimeandikwa Fort Boonesborough na sijawahi kukunja kona hata siku moja. Mwaka huu kijana wangu, ana miaka kumi na tatu, kapewa kazi ya shule aeleze mji mmoja wa zamani wa Kentucky ulianzaje. Akachagua huo wa Boonesborough, jioni moja akaniuliza, "Baba, hawa ardhi walinunua kwa nani?"

Sasa mimi usiniulize swali la kununua ardhi. Mwaka 2014 nilituma hela nyumbani nikanunuliwa kiwanja Chanika, Dar es Salaam, kupitia dalali mmoja mcheshi sana, karatasi zikasainiwa, mashahidi wakakaa, soda zikanywewa, baada ya mwaka tukajikuta watu watatu tuna karatasi za kiwanja kilekile na zote zina sahihi. Basi nikamwambia kijana tusubiri likizo ya mwezi wa nne, tutaifuata njia yenyewe waliyojia, ile aliyoifyeka mwindaji Daniel Boone mwaka 1775, toka mwanzo. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, naye akadandia safari kwa sababu gari la kwake ndio lina matairi mazuri.

SIKU YA KWANZA

Leo ni kuendesha tu. Njia ya Daniel Boone inaanzia Tennessee kuja Kentucky, sisi tunaanzia kwenye mwisho wake kwa hiyo imebidi turudi nyuma yote mpaka Elizabethton, masaa kama manne na nusu ukiacha kusimama sheli na kusimama kwa sababu shemeji kaona duka la fataki. Tumepita handaki la Cumberland Gap, ule upenyo wa milimani wa kuingilia Kentucky, chini ya mlima kwa dakika mbili. Kijana kasema "kumbe ndio hivi tu?" nikamwambia subiri, kwenye kurudi tutapanda kwa miguu.

Moteli dola 79, kitanda kimoja kina bonde katikati. Shemeji kapewa hicho.

SIKU YA PILI

Asubuhi Sycamore Shoals, kando ya mto Watauga. Maji yanapita juu ya mawe yakipiga kelele kidogo, miti ya mikuyu ya kwao ina magome meupe kama imepakwa chokaa, kuna ngome ya mfano ya magogo na nyasi zimekatwa vizuri. Kuingia bure. Ukitazama utadhani ni mahali pa pikiniki tu, na kweli kulikuwa na watu wanakula.

Lakini hapa ndipo biashara ilipofanyika, mwezi Machi 1775. Mnunuzi alikuwa Richard Henderson, jaji wa zamani kutoka North Carolina, na wenzake wameunda kampuni wanaiita Transylvania. Wauzaji ni wazee wa Wacherokee, kabila la wenyeji wa Marekani, wakubwa wao Attakullakulla na Oconostota. Bidhaa zilipangwa zionekane, bunduki, nguo, mablanketi, vyote pamoja na pesa taslimu wakavipigia hesabu ya pauni 10,000. Walichopewa ni eka kama milioni 20, yaani Rwanda na Burundi ukiziunganisha bado hazifiki hapo. Kijana kapiga hesabu kwenye simu, eka 2,000 kwa pauni moja! Inasimuliwa kuna kijana mmoja wa Kicherokee baada ya mgao akajikuta kaambulia shati moja, akasema siku moja ya kuwinda kwenye ardhi ile angepata zaidi ya hilo shati.

Na si wote walikubali. Dragging Canoe, ambaye ni mtoto wa huyo huyo Attakullakulla, alisimama akapinga mbele ya baba yake, inasimuliwa aliwaambia wanunuzi kwamba hiyo nchi watakayoikalia itakuwa ya giza na ya damu, akaondoka, na vita yake aliipigana mpaka alipofariki 1792. Shemeji kacheka, "Hii si ndio ya kwetu? Mzee kasaini, mtoto kagoma, mnunuzi kashabeba karatasi." Mimi sikucheka sana.

Maana sikiliza mlolongo wenyewe. Ardhi ileile ya Kentucky, mwaka 1768 pale Fort Stanwix Wairoquois, wenyeji wengine, walishaiuza kwa Waingereza, na wao walikuwa wanakaa mbali huko New York. Washawnee, kabila jingine, ambao ndio walikuwa wanaiwinda kila msimu, 1774 walipigwa vita wakalazimishwa kuachia haki yao kusini ya mto Ohio, na hapa Sycamore Shoals hakuna aliyewaita mezani. Mfalme wa Uingereza naye tangu 1763 kapiga marufuku watu wake kukaa ng'ambo ya milima ya Appalachia, na magavana wawili, wa Virginia na wa North Carolina, walitangaza wazi kwamba Henderson anafanya kitu haramu. Yaani kiwanja kina mgogoro pande zote nne na jamaa bado anamwaga hela. Dalali wangu wa Chanika angemsujudia.

Kitu kilichonimaliza kabisa ni tarehe. Mkataba umesainiwa Machi 17. Boone na kundi lake la mashoka waliondoka kwenda kufyeka njia Machi 10. Wiki nzima kabla! Karatasi haijakauka, haijaandikwa hata, na fundi yuko saiti anachimba msingi.

Mchana tukaenda Kingsport, hapo ndipo walipoondokea, kwenye kisiwa cha mto Holston wanakiita Long Island. Kwa Wacherokee kilikuwa kisiwa kitakatifu, mahali pa mazungumzo ya amani, hakuna kumwaga damu. Leo sehemu kubwa ni viwanda na mabomba, hewa ina harufu ya kemikali. Mwaka 1976 mji uliwarudishia Wacherokee kipande kidogo, eka tatu na nusu na ushee, tumesimama hapo, pametulia. Kijana kapiga picha akauliza eka tatu toka kwenye milioni ishirini ni asilimia ngapi, nikamwambia fanya mwenyewe ndio hesabu za shule hizo.

Kundi la Boone lilikuwa na watu kama 30. Nilidhani ni wanaume watupu, kumbe kulikuwa na wanawake wawili. Mmoja Susannah, binti wa Boone mwenyewe, miaka 14 na ndio kwanza kaolewa. Wa pili mwanamke mweusi jina lake Dolly, mtumwa wa Richard Callaway. Hao ndio walipika njia nzima. Na alikuwepo pia Sam, mtumwa wa William Twitty. Kwa hiyo wakisema waanzilishi, na sisi tulikuwamo, ila hatukuulizwa kama tunataka kwenda.

SIKU YA TATU

Mvua toka alfajiri. Barabara ya leo inafuata karibu na njia ya zamani, unapenya upenyo wa Moccasin, unavuka mto Clinch, unapanda mlima Powell kwa kona kona na malori yanakupulizia maji kwenye kioo. Njia yenyewe Boone hakuigundua, hilo watu huwa wanakosea, ilikuwepo toka zamani, nyati wa kule waliikanyaga kwanza na baadaye wenyeji waliitumia wakienda vitani na kuwinda. Kazi ya wale wenye mashoka ilikuwa kukata vichaka na miti iliyoanguka na kutia alama ili farasi mwenye mzigo apite. Gari la kukokotwa halikuweza kupita mpaka 1796, miaka 21 baadaye! Maili kama 200 wamefyeka kwa wiki tatu hivi, nikawaza barabara ya mtaani kwetu inavyochukua miaka mitatu, nikanyamaza.

Kwenye bonde la Powell tulisimama kando nikawasimulia habari ya 1773. Hiyo ndio mara ya kwanza Boone alijaribu kuhamia Kentucky na familia. Kijana wake James, miaka 16, alikuwa nyuma na kundi dogo, alfajiri ya Oktoba 10 wakavamiwa, James akauawa kwa mateso na mwenzake Henry Russell. Kulikuwa na watumwa wawili kwenye kundi lile, Charles akauawa, Adam alijificha kwenye magogo yaliyosombwa na mto na akaona yote. Tunachojua tunakijua kupitia Adam. Familia zikarudi nyuma. Kijana wangu alikuwa anakula chipsi za pakiti akaacha kula, akauliza, "Na bado akarudi tena?" Alirudi, mwaka mmoja na nusu baadaye, njia ileile.

Martin's Station, kituo cha mwisho kabla ya mlima, wamejenga cha mfano pale Ewing, Virginia. Mvua ilikuwa inatupiga vibaya sana, tumechungulia vibanda vya magogo, moshi umejaa ndani, tukakimbilia gari. Usiku tumelala Middlesboro, Kentucky. Mji huu umejengwa ndani ya shimo lililochimbwa na kimondo zamani za kale, ukisimama katikati unaona vilima vimekuzunguka kama uko ndani ya bakuli. Pizza yao nzuri.

SIKU YA NNE

Jua! Tumeanza kupanda Cumberland Gap toka upande wa Tennessee, pale kwenye tanuru la zamani la kuyeyushia chuma. Zamani barabara kuu ya lami ilikuwa inapita hapa juu kabisa na ajali zilikuwa nyingi, basi walipofungua handaki mwaka 1996 wakafanya kitu ambacho mimi sijawahi kuona popote, wakabandua lami yote, wakarudisha udongo na mlima ukawa na umbo lake la zamani, wakapanda miti. Kwa hiyo unatembea kwenye kijia kilichokuwa barabara iliyokuwa kijia. Mwinuko si mrefu lakini unakaba, shemeji na kitambi chake kasimama mara sita, anasema anaangalia maua.

Pale juu kwenye upenyo hakuna cha ajabu, uwazi kati ya miti tu, baridi kidogo. Kuanzia 1775 mpaka 1810 wanakadiria walipita watu kati ya laki mbili na laki tatu. Nilikaa kwenye jiwe nikafikiria Henderson alivyopita hapa, maana aliacha daftari la safari, na daftari lake ni la mtu mwenye presha.

Aprili 7, 1775, kapokea barua toka kwa Boone inayosema tumeshambuliwa, watu wamekufa, njoo haraka, ukija watu watatulia. Kesho yake kavuka upenyo huu, hajafika mbali, anakutana na watu kama 40 wanakimbia kurudi makwao. Kawabembeleza wote, eka za bei rahisi, nchi nzuri, sijui nini, na katika arobaini akampata mmoja tu wa kugeuka naye. Mmoja! Baadaye akaahidi eka 10,000 kwa mtu mmoja, William Cocke, apande farasi peke yake atangulie kumwambia Boone kwamba mzigo uko njiani asikate tamaa. Eka elfu kumi kwa kupeleka salamu, za ardhi ambayo hajaikanyaga bado.

Kwenye msafara huohuo alikuwepo William Calk naye akiandika lake, tahajia zake ni vichekesho, lakini huyo ndio nimempenda. Haandiki siasa. Anaandika mbwa wa Abram kavunjwa mguu na mbwa wa Drake, farasi kashtuka kakimbia katupa mifuko na vitu vimetawanyika, mvua, matope, mto umejaa. Ukitoa mbwa na farasi, hiyo ni safari yetu ya jana.

Mchana tukapita Pineville, walipovukia mto Cumberland, leo unavuka darajani hata hujui. Barbourville kuna kibanda cha mfano cha Dk Thomas Walker aliyefika 1750, miaka 25 kabla Boone hajafyeka njia hii, ni kidogo kuliko chumba cha kuku cha mama yangu. Usiku London. Hii London ya Kentucky, shemeji katuma picha ya kibao nyumbani kwao bila maelezo, simu yake haikulala.

SIKU YA TANO

Siku ndefu. Asubuhi tumefika eneo la kusini ya Richmond, ambako usiku wa kuamkia Machi 25, 1775, kundi la Boone lililala bila ulinzi wa maana. Walikuwa wamefurahi mno, wametoka kwenye milima na vichaka vya matete wanaona nchi tambarare yenye nyasi za kijani, mmoja wao, Felix Walker, aliandika baadaye kama mtu aliyeona pepo. Kabla hakujapambazuka risasi zikaingia kambini. Sam aliuawa palepale. Twitty, bwana wake, alipigwa risasi magoti yote mawili akafa baada ya siku chache. Walker alijeruhiwa vibaya, akabebwa mpaka mwisho wa safari kati ya farasi wawili na akapona. Siku mbili baadaye wawili wengine wakauawa. Maandishi mengi wanapaita mahali hapo Twitty's Fort, ngome ya Twitty. Sam alikufa kabla ya Twitty.

Halafu Boonesborough, hatimaye nimekunja kile kibao.

Kuna ngome ya mfano juu ya kilima, kubwa, vibanda vya magogo vimezunguka uwanja na kuna minara minne kwenye kona. Mama mmoja anatengeneza sabuni kwa majivu na mafuta, mwingine anasokota pamba, kijana kajaribu akakata uzi mara nne. Lakini ngome yenyewe ya zamani haikuwa hapo, ilikuwa chini, karibu na mto Kentucky, tukashuka. Kuna jiwe la ukumbusho na majani. Basi. Harufu ya kibiriti inatoka kwenye chemchemi ya zamani, wanyama walikuwa wanakuja hapo kulamba chumvi, na ndiyo sababu ya watu kukaa hapo, nyama inakufuata mlangoni.

Henderson alifika hapa Aprili 20, siku anatimiza miaka 40, wakampokea kwa milio ya bunduki. Kuangalia vibanda vya Boone kaona viko mahali maji yatafika, akahamisha ngome kama yadi 300 hivi. Mei 23 akaita mkutano chini ya mti mmoja mkubwa wa elmu ambao yeye mwenyewe aliandika kivuli chake kinatosha watu mia, wajumbe wa vijiji vinne, wakatunga sheria. Boone mwenyewe alileta muswada wa kulinda wanyama! Hamjamaliza miezi miwili, lakini ilikuwa lazima, maana watu walikuwa wanaua nyati watano wanachukua nyama kidogo wengine wanaozea porini, tayari wawindaji walikuwa wanatembea maili 15 au 20 kutafuta nyama. Na mkate hakuna, mahindi ndio kwanza yanaota.

Septemba 1778 Washawnee wakiongozwa na chifu Blackfish waliizingira ngome siku kumi na zaidi. Boone alikuwa ametekwa nao miezi ya nyuma, Blackfish alimfanya mwanawe, akatoroka kuja kuwaonya. Wakachimba handaki toka ukingo wa mto kuelekea ukutani, mvua ikanyesha likabomoka. Mkalimani wa Washawnee alikuwa mtu mweusi, Pompey, anapiga kelele nje ya ukuta kwa Kiingereza watu wajisalimishe, akauawa pale pale kwenye mapigano. Ndani ya ukuta weusi, nje ya ukuta mweusi. Na baadaye kidogo kuna Monk Estill, mtumwa aliyejua kupika baruti kwa shura ya mapangoni, baruti ya ngome hizi ilikuwa mikononi mwake. Mwaka 1782 alitekwa, akawadanganya watekaji kwamba ngome ina walinzi wengi mno wakaacha kuishambulia, na kwenye vita iliyofuata akambeba majeruhi mgongoni maili nyingi. Wanamtaja kama mtumwa wa kwanza kuachiwa huru Kentucky. Kijana kabadilisha kichwa cha kazi yake hapohapo, sasa inaitwa Monk.

Na kiwanja? Virginia ilifuta madai yote ya Henderson 1778, kampuni ikapoozwa kwa eka 200,000 mahali pengine. Waliolipa hela zao wakaanza upya foleni ya karatasi. Boone naye aliyeifyeka njia, aliyepoteza watoto, alijipimia maelfu ya eka na akazipoteza karibu zote, kupima vibaya, kuchelewa kusajili, mwingine ana karatasi ya juu yake. Mwaka 1799 akahama kabisa akaenda Missouri. Niliposoma hiyo nikaona kama barua imetoka Chanika.

Karibu na mto tukakuta familia ya Wakongo wa Lexington wanachoma samaki, Lexington wako wengi tu, Kiswahili unakisikia dukani. Mama mmoja akatusikia, akatuita. Walikaa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kigoma, miaka kumi na minane kabla ya kuletwa huku. Akauliza tunatafuta nini kwenye majani. Nikamwambia mama, hapa palikuwa na mji, mmoja wa miji ya kwanza kwanza ya Kentucky. Akatazama majani, akatazama jiwe, akatazama mto.

"Mji? Sasa watu bake balienda wapi?"

Shemeji kashachukua samaki, mdomo umejaa. Kijana ndio kamjibu, kamweleza ya Missouri, ya Washawnee waliosukumwa magharibi mpaka Oklahoma, ya Dolly, kwa Kiswahili chake cha kuvunjika vunjika na mama anamrekebisha kwa cha kwake, nikakaa kwenye meza ya mbao nikala. Saa kumi na moja geti la ngome likafungwa kule juu. Nyumbani ni nusu saa tu toka hapo, na usiku uleule nilikuwa ghalani.